Kadi ya biashara ya karatasi: je, bado ina kazi zama hizi za simu?



Likizo ya shule iliyopita nilifunga safari kwenda Kamenu, mojawapo ya wadi za eneo bunge la Thika Mjini katika kaunti ya Kiambu. Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu. Kijana huyu kazaliwa na kulelewa Mombasa, lakini riziki imempeleka bara, na huko anatengeneza friji: za majumbani, za hoteli na zile kubwa za buchari.

Siku ya pili, tukiwa tumeketi baada ya sala ya isha, simu yake ikalia. Nambari geni. Aliyepiga alikuwa kijana anayeuza kwenye buchari, sauti imejaa wasiwasi. Friji imezima, nyama ya siku mbili imo ndani, na tajiri wake amesafiri, simu yake haipatikani. Mpwa wangu akachukua mkoba wa vyombo, nami nikamfuata. Hitilafu haikuwa kubwa. Kifaa kidogo cha kuwashia kompresa kilikuwa kimeungua, na muda si mrefu friji ilikuwa inanguruma tena.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza yule kijana, "Nambari ya huyu fundi umeipata wapi?" Hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha kidole ubavuni mwa friji. Palikuwa na kadi ndogo ya karatasi, imebandikwa kwa selotepu, imeshika mafuta kidogo lakini inasomeka. Mpwa wangu aliibandika pale miezi mitano nyuma alipoitwa kuongeza gesi. Wakati huo kijana yule hakuwa ameajiriwa. Hawakuwahi kuonana.

Nakiri mbele yenu kwamba mchana wa siku ile ile nilikuwa nimemcheka. Nilipoziona kadi zake mezani nilimwambia, "Wewe bado wabeba vikaratasi? Watu siku hizi ni WhatsApp." Akatabasamu tu, akasema, "Mjomba, ngoja utaona." Basi niliona, na ndiyo sababu ya makala haya.

Wanaosema kadi imekufa nao wana hoja

Tusiwe wa upande mmoja. Hoja za wanaoidharau kadi ni nzito, na mimi nimeziishi.

Niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili katika hoteli moja hapa pwani. Nilirudi nyumbani na kadi 23 mfukoni. Nilizifunga kwa mpira, nikazitia kwenye droo. Mwaka mmoja baadaye nilipozitoa, wengi wa watu wale sikukumbuka hata sura zao. Sikumpigia hata mmoja, na wao hawakunipigia. Hiyo ni hasara ya karatasi na ya muda.

Tena kadi haibadiliki. Mpwa wangu mwenyewe alianza vibaya. Alichapisha kadi 1,000 kwa sababu aliambiwa nyingi ni rahisi. Kabla hajazimaliza akapoteza laini yake, akaamua kuchukua nambari mpya badala ya kuirejesha ile ya zamani. Zilizobaki zikawa takataka. Na zile alizokwisha kugawa zikawa mbaya zaidi kuliko takataka, kwani laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine. Mteja anapiga akitafuta fundi, anapokelewa na mtu asiyejua friji wala fundi.

Nina kadi ya marehemu baba yangu, naihifadhi ndani ya kitabu. Nambari yake ya simu ya mezani inaanza na 011, msimbo wa Mombasa wa zamani kabla ya kuwa 041. Leo 011 ni mwanzo wa nambari za simu za mkononi. Karatasi imedumu, ila nambari imekufa. Kwa hiyo anayesema simu imeichukua kazi ya kadi hajasema uongo. Simu inaonyesha picha za kazi zako, inabadilishwa wakati wowote, na haimalizi nafasi mfukoni.

Kibokoni babu yako ndiye kadi yako

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani huenda hatulioni kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Ukiwa Kibokoni, Old Town, au Langoni kule Lamu, huhitaji kadi. Mtu akikuuliza wewe nani, unataja baba na mtaa, mambo yamekwisha. "Aa, kumbe wewe mtoto wa fulani! Babako alikuwa fundi seremala karibu na msikiti." Jina la ukoo ndilo kadi, na limechapishwa vichwani mwa watu kabla hujazaliwa. Mtu akikutafuta anauliza barazani, na mtoto wa kwanza anayepita atampeleka mpaka mlangoni pako.

Sasa mpeleke kijana huyo Kamenu. Thika ni mji wa viwanda, kilomita 40 na ushei kutoka Nairobi. Watu wamekuja kutoka kila pembe kutafuta kazi, wanapanga vyumba, na mwaka ukigeuka wamehama. Hakuna anayemjua babako. Hakuna baraza la kuulizia. Ukimtengenezea mtu friji leo, jirani yake hajui hata kama ulikuja.

Pale ndipo kadi inapofanya kazi ambayo kwetu inafanywa na ukoo. Inasema: mimi ni fulani, kazi yangu hii, na jina langu nimelitia kwenye kazi hii, likiharibika njoo uniulize.

Na mambo haya si mageni kwetu. Tazama leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak katika mtaa wa Biashara, Mombasa, lililoanza mwaka 1887, limekuwa likichapisha alama yake ya Mali ya Abdulla kwenye leso zake kwa vizazi. Bibi aliyepewa leso hiyo harusini huko Tanga au Pemba, ambaye hajawahi kukanyaga Mombasa, alijua imetoka kwa nani. Mwenye duka hakumfuata. Jina lilikwenda lenyewe, limefungwa kiunoni.

Nambari ya simu ni ya mtu, kadi ni ya nyumba

Hili ndilo nililojifunza kwenye buchari ile. Nambari ukiihifadhi kwenye simu yako, ni yako peke yako. Simu ikiibiwa, ikizima, au wewe ukisafiri, nambari imeondoka nawe. Lakini kadi iliyobandikwa ubavuni mwa friji ni mali ya mahali. Yeyote atakayesimama mbele ya friji ile siku itakapoharibika, awe mwenye duka, mfanyakazi mpya au mke wa mwenye duka, ataiona.

Nyumba za kupanga ni mfano mwingine. Mpangaji akihama anaondoka na nambari ya fundi bomba. Anayeingia anaanza upya. Ila keateka anabaki. Kadi ikiwa kwa keateka, au kando ya boksi la mita ya stima, inawahudumia wapangaji watano mmoja baada ya mwingine.

Kisha kuna suala la jina. Fungua simu yako sasa hivi, tafuta neno "fundi". Mimi nilipata saba: Fundi, Fundi 2, Fundi Bomba, Fundi Hassan, Fundi Mpya na wengineo. Fundi 2 ni wa nini? Wallahi sikumbuki. Kwenye simu yangu mimi ndiye niliyewapa majina, na niliwapa kwa haraka. Kwenye kadi, fundi mwenyewe ndiye anayeandika jina lake na kazi yake kama anavyotaka akumbukwe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa kitu kinachoonekana. Mahamri mazuri yanajiuza kwa harufu. Lakini friji iliyotengenezwa vizuri haina harufu wala kelele. Inafanya kazi kimya, na fundi wake anasahaulika kwa sababu hiyo hiyo kwamba alifanya kazi nzuri. Mtu wa namna hii anahitaji kitu kidogo kitakachobaki nyuma kumkumbusha mteja.

Kwa hiyo nani achapishe?

Kipimo changu ni swali moja: mteja wako anakuhitaji leo, au siku nyingine asiyoijua?

Ikiwa ni siku nyingine, kadi ina faida kwako. Hapa wamo fundi bomba, fundi stima, fundi friji, mwenye lori la kunyonya vyoo, mpishi wa biriani za harusi, mshoni wa kanzu anayetafutwa Ramadhani ikikaribia, mkodishaji wa mahema na viti, na dereva wa kuwapeleka wazee hospitalini. Mteja anakutana nawe Januari, shida inamfika Agosti.

Ikiwa mteja anakuona kila siku, usipoteze pesa. Mama wa viazi karai hahitaji kadi, karai lake linatosha. Anayeuza abaya na madera kwa mtandao naye anahitaji picha zaidi ya karatasi. WhatsApp Business, ile programu ya wafanyabiashara iliyotoka mwaka 2018, inamwezesha kuweka bidhaa na bei, na mteja akachagua akiwa kitandani. Na mwajiriwa anayebadilisha ofisi kila mwaka, kadi zake zitamzidi umri.

Wengi wetu tuko katikati, na hakuna ubaya kutumia vyote viwili: karatasi ya kumkumbusha mteja, simu ya kumwonyesha kazi.

Ile michoro ya miraba

Vijana watakuambia uweke msimbo wa QR, ule mchoro wa miraba midogo unaosomwa kwa kamera ya simu. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Sasa umeingia hadi kwenye kadi za harusi.

Ni kitu kizuri, ila ujue kuna aina mbili. Ya kwanza, jina na nambari yako vimo ndani ya mchoro wenyewe. Simu ikiusoma inapata habari hata bila intaneti, na hakuna anayeweza kuuzima. Ila huwezi kubadilisha kitu baada ya kuchapisha. Ya pili, mchoro una anwani tu ya tovuti ya kampuni fulani, nayo ndiyo inayompeleka mteja kwenye habari zako. Faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha nambari bila kuchapisha upya. Hatari yake ni kwamba ukiacha kulipa au kampuni ikifungwa, mchoro wako unabaki pambo. Muulize anayekutengenezea ni aina ipi kabla hujatoa pesa.

Na hata ukiuweka, andika nambari kwa tarakimu pia, kubwa kubwa. Yule kijana wa buchari alikuwa na simu ya mulika mwizi. Mchoro pekee usingemfaa kitu, na nyama ingeharibika.

Ukichapisha, chapisha kwa akili

Kadi ya kawaida ina ukubwa wa karibu milimita 85 kwa 55. Kwa kipimo hicho karatasi moja ya A4 inatoa kadi 10. Maana yake karatasi tano zinakupa kadi 50, nazo zinatosha kuanzia. Mchapishaji atakuambia 1,000 ni nafuu, na kwa hesabu ya kadi moja moja anasema kweli, kwa sababu mashine kubwa za ofseti hugharimu kuziandaa, na gharama hiyo ikigawanywa kwa kadi nyingi inapungua. Lakini kadi ya bei nafuu usiyoigawa ni ghali. Wachapishaji wenye mashine za dijitali hukutolea chache.

Chagua karatasi nzito. Ya fotokopi huwa na uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hukunjika siku ya kwanza. Kadi nzuri huwa na gramu 300 au zaidi. Kwa fundi anayebandika jikoni au buchari, lamineti inalinda dhidi ya maji na mafuta. Kwa mwingine, acha upande mmoja bila kung'arishwa ili mteja aweze kuandika kwa kalamu.

Maneno yawe machache: jina, kazi, eneo unalohudumia, nambari ya simu. Nambari hiyo iwe ile ambayo hutaibadilisha. Laini ikipotea, nenda ukairejeshe nambari ile ile, usichukue mpya kwa uvivu wa foleni. Na soma nambari mara tatu kabla ya kuruhusu mashine ianze, wewe ukisoma na mwenzako akiipiga palepale. Tarakimu moja ikikosewa, kadi zote ni za mtu mwingine.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: jina lililo kwenye kadi lifanane na lile linalojitokeza kwenye ujumbe wa M-Pesa mteja anapolipa. Kadi ikisema "Pwani Baridi" na malipo yakaenda kwa jina la shemeji yako, mteja ataingiwa na shaka, na ana haki.

Kadi si ithibati

Hapa tuwe waangalifu. Karatasi haikatai uongo. Tapeli naye anaweza kuchapisha kadi ya kung'aa yenye cheo cha meneja na nembo isiyo yake, akakuahidi kiwanja au kazi ya Ghuba. Kadi inakueleza mtu anadai kuwa nani. Ukweli utaupata kwa kuuliza waliofanya naye kazi, kwa kufika ofisini kwake, na kwa kutotoa pesa kabla ya kuthibitisha.

Upande wa pili, kadi uliyopewa ni amana. Mtu kakupa nambari yake kwa jambo fulani. Usiichukue ukaitia kwenye kundi la WhatsApp la michango au la matangazo bila ruhusa yake. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kutumia habari za mtu kibiashara bila idhini yake si adabu mbaya tu, ni kosa. Zile bakuli za mapokezi za "weka kadi yako hapa ushinde zawadi" nazo zifikirie mara mbili.

Namna ya kuitoa

Wajapani hutoa kadi kwa mikono miwili na anayepokea huisoma kabla ya kuiweka. Sisi tuna mkono wa kulia na salamu, vinatosha. Kosa kubwa ni kuzigawa kama karata. Zungumza kwanza. Ukishajua mtu ana shida gani, mpe kadi na sababu yake: "Hiyo friji yako inalia, mpira wa mlango umechoka. Ukiamua kuubadilisha, nambari yangu hii." Andika nyuma "mpira wa mlango" na tarehe. Hapo umempa kitu cha kukumbuka.

Na ukipokea ya mwenzako, siku hiyo hiyo mtumie ujumbe: mimi fulani, tumeonana mahali fulani, tumezungumza jambo fulani. Kadi zangu 23 hazikufa kwa sababu ya karatasi. Zilikufa kwa sababu sikufanya hivyo jioni ya semina.

Asubuhi ya kuondoka Kamenu, mpwa wangu alinisindikiza hadi stejini. Njiani tulipita buchari ile. Tajiri alikuwa amerudi, akatuita, akamshukuru fundi, kisha akamwomba kadi tatu zaidi: moja ya ndugu yake mwenye hoteli, moja ya jirani, na moja ya kubandika mahali pa ile iliyoshika mafuta.

Mpwa wangu akazitoa mfukoni, akanitazama kwa jicho la pembeni. Sikuwa na la kusema. Nami nikamwambia, "Nipe moja." Sasa hivi imebandikwa ubavuni mwa friji yangu hapa Mombasa, ingawa fundi mwenyewe yuko mbali. Wageni wakiuliza, nawaeleza kisa chake.